Mnyororo wa Bakuli

Kila asubuhi ya mwezi wa Mei, kabla hajagusa kikombe cha kahawa, Eljas alipiga magoti kando ya barabara na kuchomoa mrija ardhini. Ulikuwa mrija wa plastiki, mrefu kumshinda yeye mwenyewe, umejazwa maji ya buluu. Pale ardhi ilipoganda, maji nayo yaliganda na kupoteza rangi; pale ilipoyeyuka, yalirudia ubuluu wake. Mtu akiutazama tu alijua baridi imekaa wapi huko chini na imebakiza unene gani.

Alikuwa akiuchomoa mrija huo kwa miaka ishirini na sita, na bado kila mara aliuchomoa kwa hofu kidogo. Watu wengi hudhani baridi ni jambo la hewani, la pua na masikio. Eljas alijua kuwa mwenye nyumba yuko chini. Baridi ya ardhini huanza kushuka Novemba, kidole kwa kidole, bila kelele, ikapita mizizi ya misonobari, ikapita kina cha kaburi, na mwezi wa Machi mwaka huu ilikuwa imefika mita mbili na sentimita arobaini. Ikishuka hivyo huyavuta maji na kuyageuza barafu, na barafu hiyo huinua barabara nzima, changarawe na makalavati na kila kilicho juu yake, kwa shibiri moja. Mawe makubwa kama ng'ombe aliyelala hutoka ardhini yenyewe, bila mkono wa mtu. Eljas hakuwa mtu wa kanisani sana, lakini akiyakuta mawe hayo mapya kando ya njia alikuwa anavua kofia.

Sasa ilikuwa tarehe kumi na mbili, na mrija ulimwonyesha kitu ambacho hakutaka kukiona. Juu buluu, chini buluu, na katikati kipande cheupe cha upana wa kiganja. Barafu ilikuwa imeyeyuka kutoka pande zote mbili, lakini sahani hiyo ya mwisho ilikuwa bado imeziba. Maji yote yaliyokuwa juu yake hayakuwa na pa kwenda, na ndiyo maana barabara ilikuwa imegeuka uji.

Barabara yenyewe ilikuwa na urefu wa kilomita kumi na moja, ya changarawe, kutoka lami mpaka ukingo wa mto, na ilikuwa mali ya nyumba sita zilizokuwa huko mwisho. Mwendo wote ulipitika hata mwezi wa Mei, ukiendesha kwa adabu. Isipokuwa Bakuli. Bakuli ni bonde la mita mia tatu katikati ya vilima viwili, kilomita mbili kabla ya mto, na wiki hiyo halikupitisha kitu. Siku moja Eljas alisimamisha fimbo pale katikati akaiachia, na fimbo ilizama yenyewe taratibu mpaka robo yake.

Upande wa kutokea mjini, penye mwanzo wa Bakuli, palikuwa na nguzo mbili na mnyororo, na ufunguo wa kufuli lake ulikuwa shingoni mwa Eljas. Sheria aliiweka marehemu baba yake, Nestori, aliyeitunza barabara kabla yake: uji ukishaanza, hakuna gurudumu linalopita. Si la jirani wala la askofu. Kuna mwaka lori moja la magogo lililazimisha, likachana barabara mpaka matumbo yake, na nyumba sita zikatembea juu ya mbao hadi Agosti. Kwa hiyo watu walinung'unika, lakini mnyororo waliuheshimu.

Adhuhuri ile simu ililia. Alikuwa mama yake, Saimi, aliyevunjika nyonga Februari na kupelekwa mjini kwa binti yake, Raila.

"Eljas."

"Naam, mama."

"Barafu ya kijiji cha juu imeondoka leo asubuhi. Redio imesema."

"Nimesikia."

"Basi kesho itakuwa kwetu. Fungua mnyororo. Raila atanileta asubuhi."

Eljas alifumba macho. Saimi aliingia nyumba ile akiwa bibi harusi, na tangu mwaka huo hajakosa hata mara moja kuitazama barafu ya mto ikiondoka. Hufunga jiko, huvuta kiti dirishani, na hukaa. Vipande vikubwa kama sakafu ya nyumba husimama wima, hupandana, huparua kingo na kung'oa miti, na mto uliokuwa bubu tangu Novemba hupiga kelele zake zote kwa mpigo mmoja. Ni jambo la nusu saa, kisha limekwisha mpaka mwakani. Kijijini watu hubashiri siku na saa, kila mtu huandika kikaratasi na kukitia kwenye kopo la kahawa, na mshindi hubeba pakiti ya kahawa. Saimi alishinda mara nyingi mpaka wakamwomba apumzike, wengine nao wanywe.

"Mama, Bakuli bado ni uji."

"Gari la Raila ni dogo kama kikaango."

"Hata kikaango kitazama, mama. Mpaka milangoni."

"Mwanangu, nina miaka themanini na minane. Daktari ameusikiliza moyo wangu, akaniuliza kama napenda maua. Sasa wewe usije ukanipigia hadithi za mwakani."

Eljas akasema neno alilolijutia hata kabla halijamtoka vizuri. "Nikikufungulia wewe, jirani Unto, niliyemfungia mwaka jana, nitamwambia nini?"

"Mwambie una mama," Saimi alisema, na simu ikakatika.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba kosa lilikuwa lake. Theluji ni blanketi la barabara. Mtunza barabara mwenye akili hubakiza kiganja cha theluji juu ya changarawe ili baridi isipate mlango. Baba yake alimfundisha hivyo, na yeye alijua. Lakini Januari theluji ilikuwa haba, na watu wakamsifu: barabara ya Eljas, bwana, unaweza kulia chakula juu yake! Sifa zikamlevya. Akakwangua na kukwangua na trekta lake mpaka changarawe ikang'aa, na usiku wa nyuzi arobaini chini ya sifuri ukaikuta barabara uchi. Asingeikwangua namna ile, sahani ya Bakuli ingekuwa imekwisha wiki nzima sasa, na mama yake angerudi kwa gari kama binadamu wengine.

Alichukua mtaimbo akaenda Bakuli. Alipita kando kando, juu ya mizizi, akajitosa kwenye uji mpaka nusu ya mabuti ya mpira, akapiga. Mtaimbo ulizama laini kama kwenye siagi, kisha ukagota. Mlio ulimpanda mikononi hadi kwenye meno. Akapiga tena. Chini ya matope yale kulikuwa na kitu kigumu kama chuma, kimelala kimya kwenye jua la Mei huku ndege wakiimba juu yake, na hakikumjali hata kidogo. Alipiga kwa saa nzima na kupata tundu la kutosha kikombe cha chai. Aliusimamisha mtaimbo, akaegemea, akahema. Alikuwa na hasira, ndiyo, lakini chini ya hasira alihisi ile hofu ya kila asubuhi, hofu yenye heshima ndani yake.

"Unachimba kisima au kaburi?"

Alikuwa Unto, jirani, amekaa juu ya jiwe kavu na chupa yake ya kahawa, na haikujulikana amekaa hapo tangu lini.

"Mama anataka kurudi kesho," Eljas alisema. "Barafu ya mto."

"Ahaa!" Unto alijipiga paja. "Mkuki kwa nguruwe!"

"Sema, Unto. Una haki."

"Nisiposema nitapasuka! Siku kumi na tisa, Eljas. Siku kumi na tisa mwaka jana! Sauna yangu imeungua, nimenunua nyingine, imeletwa nzima nzima juu ya lori, na wewe umeifungia mnyororo. Mimi hapa, sauna ng'ambo, naitazama kwa darubini. Nimetembea na taulo begani nyumba hadi nyumba nikiomba kuoga mvuke kama mkimbizi!"

"Sheria ni msumeno."

"Basi leo umekukata wewe, na mimi nimekuja kutazama damu." Unto alimimina kahawa, akanywa, akamtazama mwenzake aliyesimama kwenye matope na uso wa mtu aliyefiwa. Kicheko kikampungua. "Hebu niambie. Ule mnyororo unazuia nini?"

"Magurudumu. Unajua wewe."

"Mama yako ana magurudumu?"

Eljas aliyatazama mabuti yake. Miaka ishirini na sita ameitazama barabara hii, ameota ndoto zake, anajua kila kalavati kwa jina, na kumbe alichokuwa anakiona siku zote ni matairi tu. Kwamba mtu anaweza kuvuka mita mia tatu kwa miguu, jambo ambalo mbwa wake angemshauri, halikumpitia kichwani.

"Raila asimame kwenye mnyororo," Unto alisema. "Kerttu wangu aweke gari upande huu. Katikati tunambeba."

"Nyonga yake, Unto. Daktari kasema asitikiswe."

"Tutambeba kama mayai."

"Na wewe kwa nini unisaidie?"

"Nani anakusaidia wewe?" Unto alifunga chupa yake. "Katika zile siku kumi na tisa, tisa nimeoga kwa mama yako. Na kila mara alikuwa ameniwekea taulo safi na mkate wa iliki. Wewe ulinipa mnyororo."

Kesho yake, saa tatu asubuhi, gari la Raila lilisimama kwenye nguzo. Saimi alikuwa amevaa kitambaa chake cha kichwa cha buluu, cha sikukuu, na koti la msimu wa baridi, na fimbo yake mkononi. Eljas na Unto walikuwa wamekuja na machela, lakini mama aliitazama mara moja tu.

"Sijafa bado. Sitalala chali huku nikitazamwa pua."

Kwa hiyo walichukua kiti cha jikoni ambacho Raila alikuwa amekuja nacho kwenye buti la gari, maana anamjua mama yake, wakakifunga kwa kamba juu ya miti miwili mirefu ya msonobari. Saimi akaketi, wakamfunga kiunoni kwa shali. Eljas na Unto walishika mbele. Nyuma alishika Raila, na mwenzake alikuwa Kerttu, mke wa Unto, ambaye kukamua ng'ombe miaka arobaini kulimpa mikono ya kuheshimika. Waliupitisha mguu juu ya mnyororo mmoja mmoja. Eljas hakutoa ufunguo.

"Saa ngapi?" aliuliza Saimi.

"Saa tatu na dakika kumi."

"Barafu itaondoka saa nne kasoro. Nasikia harufu yake."

Waliingia Bakuli.

Matope yaliwapokea hadi vifundoni, kisha hadi nusu ya muundi. Kila hatua ilibidi iombwe: unainua mguu, matope yanakataa, unabembeleza, yanakuachia kwa mlio wa busu la bibi. Maji yalikuwa yamesimama kila mahali, kwenye alama za matairi ya zamani, kwenye mashimo, juu ya barabara yote, yakimeta kama sufuria iliyooshwa. Kilichowashika wasizame zaidi ni ile sahani ngumu chini. Eljas aliihisi kwa soli za mabuti, baridi yake ikipanda.

"Polepole, huko mbele," alisema Kerttu. "Mmebeba mtu, si gunia."

"Unto anayumba," Saimi alisema kutoka juu. "Unto, umekunywa?"

"Kahawa tu, mama. Ni wewe umenenepa huko mjini."

"Raila ananipikia kama nguruwe wa Krismasi."

"Mama!" alisema Raila.

Kisha buti la kushoto la Unto lilibaki nyuma. Mguu ulitoka, soksi ya sufu ikaingia kwenye uji, na Unto akatoa maneno ambayo si ya kumtamkia mama wa mtu. Saimi alicheka mpaka kiti kikatikisika, wote wakacheka, ikabidi wasimame katikati ya Bakuli huku Unto akipapasa matope kwa mkono mmoja kutafuta buti lake.

Ni pale, wakiwa wamesimama hivyo, Eljas alipolihisi. Ardhi ilishtuka. Halikuwa tetemeko, ilikuwa kama farasi anapogutusha ngozi inzi akitua. Akamtazama Unto, na Unto alikuwa amekwisha kuganda na buti mkononi.

"Umelisikia hilo?" Eljas aliuliza.

"Nyamaza."

Chini yao kulitoka sauti. Ilianzia upande wa mtaro wa kushoto, ndefu, nzito, ya ndani kabisa, kama mtu mkubwa sana aliyepata kata ya kwanza ya maji baada ya safari ndefu. Ikakatika. Ikaja tena, karibu zaidi. Kidimbwi kilichokuwa mbele ya miguu ya Eljas kikaanza kuzunguka. Jani kavu la mwaka jana lililoelea juu yake likazunguka mara moja, mara mbili, likazama, na kidimbwi kikaondoka. Hakikupungua. Kiliondoka. Kando yake kingine nacho kikazunguka, na kingine, na kingine, mbele yao na nyuma yao, Bakuli zima likameza kwa makumi ya makoo, na sauti zile zikaungana zikawa moja.

Sahani ilikuwa imepasuka. Eljas alilijua hilo kwa akili. Alikuwa amesoma vitabu vya barabara, alijua kwamba siku moja ya Mei barafu ya mwisho hutoboka na maji hupata njia ya kushuka. Lakini sikuzote aliikuta barabara imekwisha kukauka, jambo limepita bila shahidi. Hakuwahi kusimama juu yake likitendeka. Matope yaliyokuwa yanameta yalififia mbele ya macho yake, kama kioo kinapopuliziwa pumzi. Alihisi uji ukishika umbo kuzunguka mabuti yake. Ardhi iliyoinuliwa shibiri nzima tangu mwanzo wa baridi ilikuwa inashuka kuketi mahali pake, na yeye alishuka pamoja nayo.

"Mungu wangu," Kerttu alinong'ona nyuma.

"Nishusheni," alisema Saimi.

"Mama, tuko katikati—"

"Nishusheni, nimesema."

Waliweka kiti chini. Miguu ya kiti ilizama vidole viwili tu, ikasimama. Saimi alichoma fimbo yake ardhini, akainamia mpini, sikio lake likiwa limeelekea chini. Alipoinua uso ulikuwa umelowa, na hakujisumbua kuufuta.

"Mwaka wa sabini na moja," alisema, "baba yenu alirudi nyumbani asubuhi, matope mpaka kifuani. Akasimama mlangoni hakuingia. Akaniambia: Saimi, barabara imekunywa maji. Nimeisikia ikimeza. Mimi nikamwambia avue mabuti."

Chini yao Bakuli lilikuwa bado likimeza.

"Mwezi wa Juni ukaja mkutano wa wenye barabara. Nestori hakuwa msemaji, mnamjua. Lakini siku ile walipofika kwenye habari ya Bakuli alisimama, akaanza kuwaeleza. Alionyesha kwa mikono jinsi vidimbwi vilivyozunguka, kwa furaha. Na mimi nikasema mbele ya watu wote: msimsikilize huyu, alilala mtaroni akaota. Walicheka mpaka vikombe vikagongana. Yeye akaketi."

"Mama," alisema Raila.

"Tumeishi miaka thelathini na miwili baada ya hapo. Akitoka barabarani nikimuuliza, vipi huko? Ananijibu, kawaida. Kila siku kawaida. Mpaka tunamzika."

Wakati huo ngurumo ikaja kutoka nyuma ya kilima, upande wa mto. Ya kwanza ilikuwa moja, kama mlango wa ghala uliobamizwa. Kisha zikafuatana, na hewa yenyewe ikatikisika, na kunguru wote wa msituni wakaruka kwa mpigo. Eljas alitazama saa yake. Saa nne kasoro dakika ishirini.

"Mama, barafu! Barafu inaondoka!" Alishika mti wa kiti. "Unto, shika! Gari la Kerttu lile pale, mita mia na hamsini. Dakika kumi tuko dirishani!"

Saimi aliuweka mkono wake juu ya mkono wa mwanawe, akautoa mtini.

"Iache iende."

"Lakini mama, ndiyo iliyokuleta. Daktari—"

"Nimeitazama miaka yote hiyo, na haijawahi kuniuliza nilipo. Hii ya barabara nimeikosa mara moja, na baba yenu alikuja kunipa mkononi." Aliinamia tena fimbo yake. "Kaa kimya, mwanangu. Bado inakunywa."

Eljas alichuchumaa kando ya kiti, akaweka kiganja chake juu ya barabara, kwenye changarawe baridi, na akaihisi ikitetemeka kidogo kidogo kama koo. Huko nyuma ya kilima mto ulikuwa unapasua mlango wake wote, mambo makuu ambayo watu husafiri kuyatazama. Na hapa watu watano walikuwa wameizunguka barabara ya changarawe wakisikiliza maji yakishuka. Alitaka kulia kwa ajili ya kiti kile cha dirishani kilichokuwa kitupu. Alitaka pia kumwita baba yake. Hakufanya lolote, alisikiliza. Sauti ilipungua, ikawa mguno, ikawa tone, kisha vidimbwi vyote vikawa vimekwisha, na upande wa mtoni nako ngurumo zikaanza kusogea mbali, zikielekea baharini.

Saimi aliketi wima. Alitoa leso, akapenga kamasi, akaikunja.

"Mkutano wa barabara ni lini?"

"Mwezi ujao," alisema Eljas. "Jumamosi ya pili."

"Niandike kwenye orodha ya wasemaji. Nina la kusema."

Raila alipiga magoti mbele yake, akamrekebishia shali. "Mama, waliocheka siku ile wote wamekwisha kufa. Utamwambia nani?"

Unto alikuwa bado ameshika buti lake. Alivua kofia kwa mkono mwingine, akasimama hapo na soksi moja yenye matope, uso umemwiva.

"Mimi sijafa," alisema. "Nilikuwa na miaka kumi na sita, ndimi niliyekuwa nikipitisha kahawa. Nilicheka mpaka nikaimwaga."

Mama mzee alimtazama kutoka kichwani mpaka kwenye ile soksi.

"Basi utakaa kiti cha mbele," alisema.

Unto akavaa buti lake. Wakainua kiti, wakaenda.